Mtetemo wa Pikapu ni Somo la Fizikia

Katika shule zetu nyingi za sekondari, hasa zile zilizo mbali na mji, gari moja dogo la mizigo, yaani pikapu, hufanya kazi ya magari manne. Asubuhi huleta unga na maharage, mchana hupeleka karatasi za mitihani, jioni huwarudisha wachezaji wa mpira, na usiku, mwanafunzi anapozidiwa na homa, hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Hata hivyo, ni shule chache ambazo mwalimu wa fizikia amepata kuinama chini ya gari hilo pamoja na wanafunzi wake, wakalitazama kama wanavyotazama vifaa vya maabara. Maoni yangu ni kwamba kutofanya hivyo kunatutia hasara maradufu: tunapoteza fedha katika matengenezo ya kubahatisha, na tunapoteza maabara ambayo tayari tumekwisha kuilipia.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine, kwani kosa nitakalolieleza nilishiriki mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, shule moja ya Nyanda za Juu Kusini, ambako ndugu yangu alikuwa akifundisha, ilipeleka pikapu yake gereji ili viungo vya propela vibadilishwe. Gari liliporudi lilianza kutetemeka kila lilipofikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Sakafu ilivuma na vioo vikacheza. Nikaombwa ushauri, maadam nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari katika uhandisi wa mitambo. Nilisikiliza maelezo kwa simu, kisha nikatoa hukumu: beringi za giaboksi zimekwisha. Shule ikachanga fedha, ikanunua giaboksi iliyokwisha kutumika, ikafungwa. Mtetemo ukabaki vile vile. Pikapu ikaegeshwa chini ya mkaratusi kwa muhula mzima, na wagonjwa wakawa wanapelekwa hospitali kwa pikipiki, katikati ya dereva na mwalimu wa zamu.

Mwishowe aliitwa fundi mmoja mzee, nami siku hiyo nilikuwapo. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, propela ilipofunguliwa, ilitiwa alama?" Hakuna aliyejua. Mzee akaingia chini ya gari, akaichomoa propela mahali inapoungana kwa meno, akaizungusha kidogo, akairudisha. Tulipolijaribu gari barabarani lilikuwa limetulia. Kazi yote ilikwisha kabla maharage ya wanafunzi hayajaiva.

"Mzee," nikamwuliza, "kwa nini ikae hivi, isikae vile?"

"Ndivyo tulivyofundishwa," akajibu. "Ikikaa vingine, inatetemeka."

Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Ili tulikamilishe, hatuna budi kuifuata nguvu ya injini safari yake yote.

Injini huzungusha klachi. Klachi huzungusha giaboksi. Giaboksi huzungusha propela, yaani ule mhimili mrefu wa bomba la chuma ulio chini ya gari. Propela huzungusha difu. Na difu hugawa mzunguko kwa ekseli mbili za magurudumu ya nyuma. Njia hii ya kutumia mhimili badala ya mnyororo ilitumiwa na Louis Renault wa Ufaransa katika gari lake la kwanza mwaka 1898. Tuchukue mfano. Injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 150. Ikiwa gia ya kwanza inapunguza mzunguko mara 4, propela itapata nyutoni-mita 600. Ikiwa difu nayo inapunguza mara 4, ekseli zitapata jumla ya nyutoni-mita 2,400, tukiacha kando kinachopotea kwa msuguano. Hakuna kilichopatikana bure: nguvu ya kuzungusha imeongezeka mara 16, na kasi ya mzunguko imepungua mara 16. Mwanafunzi aliyefundishwa mashine sahili kwa mchoro wa kapi na wenzo anaweza kuiona kanuni ile ile ikimpandisha mlima.

Sasa tuitazame propela. Giaboksi imefungwa kwenye fremu ya gari, ilhali difu hupanda na kushuka pamoja na springi. Kwa sababu hiyo propela haiwezi kufungwa ikakazwa tu pande zote mbili. Lazima iwe na viungo vinavyopinda. Kila kiungo kina vipande viwili vya chuma vyenye umbo la panda, vilivyounganishwa na msalaba mdogo wa chuma wenye beringi katika ncha zake nne. Wengine hukiita kiungo hiki kwa jina la Cardano wa Italia, wengine kwa jina la Robert Hooke wa Uingereza, ambaye mwaka 1676 alikieleza katika maandishi yake juu ya vyombo vya kutazamia jua. Kumbe kifaa tunacholalamikia barabarani kilitungiwa maelezo na mtu aliyekuwa akishughulika na mambo ya angani.

Kiungo hiki kina tabia moja ambayo jicho haliioni. Kikiwa kimepinda, upande unaosukuma ukizunguka kwa kasi isiyobadilika, upande unaosukumwa hauzunguki kwa kasi hiyo hiyo wakati wote. Huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Kasi ya juu kabisa hupatikana kwa kugawanya kasi ya kwanza kwa kosaini ya pembe ya kupinda. Kasi ya chini kabisa hupatikana kwa kuizidisha kwa kosaini hiyo. Kama pembe ni nyuzi 12 na giaboksi inatoa mizunguko 2,500 kwa dakika, propela itakuwa ikipanda hadi kiasi cha 2,556 na kushuka hadi kiasi cha 2,445, tena na tena, zaidi ya mara 80 katika kila sekunde.

Dawa yake ni kuweka kiungo cha pili kitakachofuta makosa ya kile cha kwanza. Lakini dawa hii ina masharti mawili. Kwanza, panda mbili zilizo kwenye propela yenyewe, ya mbele na ya nyuma, zikae katika bapa moja. Pili, pembe za viungo viwili ziwe sawa. Sharti la kwanza likivunjwa kwa kukosea meno machache tu wakati wa kufunga, kiungo cha pili hakifuti vizuri. Na panda zikikosana kwa nyuzi 90, huongeza badala ya kufuta. Hiyo ndiyo siri ya alama ya mzee wetu. Mstari mmoja wa chaki au rangi kabla ya kufungua ungeiokolea shule bei ya giaboksi.

Hapo msomaji anaweza kudhani kwamba nataka kusema fundi wa mtaani amemshinda daktari wa chuo kikuu, na hadithi ikaishia hapo. La hasha. Mwaka uliofuata shule iliongeza majani ya springi ili gari libebe mizigo zaidi, na mwili wa gari ukainuka. Fundi yule yule alipoona kiungo cha nyuma kimepinda kuliko zamani, alichomeka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ili pua ya difu iinuke na kuielekea propela moja kwa moja. Kwa macho, kazi ilipendeza. Mtetemo ukarudi. Alama zilikuwa mahali pake, kwa hiyo kanuni aliyoirithi haikuwa na msaada tena. Safari hii tulichukua kipimapembe cha darasani na uzi wenye jiwe, tukapima: kiungo cha mbele nyuzi 12, cha nyuma nyuzi 2. Katika kukinyoosha kiungo kimoja, tulikuwa tumevunja sharti la pili. Tukaondoa kabari pamoja na baadhi ya majani yaliyoongezwa. Pembe zikawa ndogo na zikakaribiana, na gari likatulia. Mzee alikitazama kipimapembe kile kwa muda, akauliza kinauzwa wapi.

Naona katika mambo haya mawili picha ya elimu yetu. Fundi anazo kanuni bila sababu zake. Msomi anazo sababu bila mazoea ya kuzitumia. Kila mmoja akiwa peke yake, gari hulala chini ya mkaratusi.

Kosa langu mimi halikuwa kukosa elimu, bali kutoa jibu kabla ya kufanya jaribio. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Dereva mwenye leseni, katika barabara iliyonyooka na isiyo na magari, angeendesha kwa kilomita 60 kwa saa katika gia ya nne, kisha kwa mwendo ule ule katika gia ya tatu. Injini na klachi zingebadili kasi yake, propela isingebadili. Mtetemo ukibaki vile vile, chanzo chake hakiko kwenye injini wala klachi. Kitafutwe kuanzia mahali giaboksi inapotolea mzunguko kwenda nyuma. Hesabu nayo husaidia. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka takriban mara 10 na nusu kwa sekunde. Difu ikiwa ya 4 kwa 1, propela huzunguka takriban mara 42. Kwa hiyo gurudumu lisilo sawa hutikisa polepole, propela iliyopinda huvuma, na viungo vilivyokosewa huvuma kwa kasi maradufu ya propela. Mwili wa abiria ni chombo cha kupimia, mradi mwenyewe anajua anachokipima.

Dalili nyingine nazo zinasomeka kwa namna hiyo hiyo. Injini ikinguruma zaidi lakini gari lisiongeze mwendo, na harufu ya kuungua ikasikika, klachi inateleza. Kelele ikitokea mguu unapokanyaga klachi, itiliwe shaka beringi ya kusukumia klachi. Ikitokea gari likiwa limesimama bila gia na kupotea klachi inapokanyagwa, itiliwe shaka beringi ya mhimili unaoingia kwenye giaboksi. Mlio wa "ko!" gari linapoondoka au kurudi nyuma aghalabu hutoka kwenye misalaba iliyolika. Mluzi wa difu hubadilika mguu unapokanyaga au kuachia mafuta.

Yapo pia mambo mawili ambayo kutoyajua kuna gharama kubwa zaidi. La kwanza ni imani kwamba oili ni oili. Difu nyingi za pikapu zina gia ambazo meno yake husuguana kwa kuteleza chini ya mgandamizo mkubwa, na huhitaji oili kali ya daraja la GL-5. Giaboksi nyingi za kawaida zina pete za shaba nyeupe au shaba nyekundu iliyochanganywa, za kulinganisha kasi wakati wa kubadili gia. Kwa hizo watengenezaji wengi hutaka GL-4, kwa kuwa dawa za salfa zilizomo katika oili kali zinaweza kuila shaba. Kitabu cha gari kisomwe kabla ya kopo kufunguliwa.

La pili linahusu uhai. Gari lililotiwa gia huzuiliwa na injini kwa kupitia propela. Propela ikifunguliwa, gia haizuii tena kitu. Katika magari kama Land Rover za zamani, hata breki ya mkono imefungwa nyuma ya giaboksi, hivyo nayo hukosa kazi. Tena gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke upande wake, na gari likaweza kuporomoka ingawa breki hiyo imevutwa. Kwa hiyo magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo pande zote, na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Wako watakaosema kwamba kazi ya shule ya sekondari si kufundisha umakanika, na kwamba muhtasari wa masomo umejaa. Nakubali kwamba umejaa. Lakini sipendekezi somo jipya. Napendekeza mfano mpya katika masomo yaliyopo. Kosaini imo katika hisabati. Mashine, msuguano na nishati zimo katika fizikia. Kutu na oili zina nafasi katika kemia. Wengine watasema wanafunzi hawa husoma sayansi kwa Kiingereza, ilhali fundi husema klachi, difu na beringi. Hilo kwangu ni sababu ya kuwakutanisha, kwa maana mwanafunzi asiyeweza kumweleza fundi sababu ya mtetemo kwa lugha wanayoielewa wote wawili hajaielewa sababu hiyo.

Naomba basi kila shule yenye gari ifanye mambo matatu. Iweke daftari la gari, ambamo kila tengenezo na kila dalili huandikwa kwa tarehe, ili swali la "nini kilibadilika kabla ya ubovu kuanza?" lipate jibu. Ifanye jaribio kabla ya kununua spea. Na mara moja kila muhula imwalike fundi wake darasani, si kama kibarua bali kama mwalimu mgeni, naye aulizwe "kwa nini" na wanafunzi, kisha wote watafute jibu pamoja. Daftari, chaki na kipimapembe vimo katika kila shule. Mwanafunzi atakayeugua usiku hatauliza nani alikuwa na shahada. Atahitaji gari linaloondoka.