MAMBO YA NYUMBANI: Gari Alilolitengeneza Mtoto

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi maharage ya mbegu yasiharibiwe na wadudu. Mwezi huu twaingia katika jambo ambalo labda wengine watalicheka, maana ni jambo la watoto: yale magari madogo wanayoyatengeneza wenyewe kwa migomba, miti, madumu na waya. Twawaomba msicheke upesi. Jambo hili limekuwa chanzo cha viboko na machozi katika nyumba nyingi, nasi twaona yafaa kulipima vema kabla ya kulihukumu.

Kila apitaye njia za Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo amewaona watoto hawa. Mmoja avuta gari kwa kamba, mwingine alisukuma kwa ufito mrefu, na wa tatu amepakia kokoto katika lori lake akisema ni magunia ya kahawa. Wengi wetu twapita tu. Walakini tukisimama tukatazama vema, tutaona ya kuwa kazi hii ina ngazi zake, kama vile shule ilivyo na madarasa.

Ngazi ya kwanza ni mgomba. Mtoto mdogo huchukua shina lililokatwa baada ya mkungu kuvunwa. Shina hilo ni laini, lakatika hata kwa kisu butu, na vipande vyake huungwa kwa vijiti vya matete. Baada ya siku chache gari lanyauka, nalo limekwisha. Wala si hasara, kwa kuwa mgomba ule ungalioza shambani, na mkono wa mtoto umekwisha kujifunza kukata. Ngazi ya pili ni mti mwepesi na dumu la mafuta ya kula, pamoja na magurudumu yaliyokatwa katika nyayo za kandambili zilizochakaa. Ngazi ya tatu ni kopo na waya. Hapo ndipo tunapomkuta fundi mwenyewe.

Tazameni usukani wa gari la waya. Ekseli ya mbele haikukazwa, bali imeshikwa katikati kwa kitanzi ipate kuzunguka. Kutoka katika ekseli ile wainuka waya au ufito hata kifuani mwa mtoto, na juu yake pana duara la kushikia. Mtoto hutembea nyuma ya gari lake. Akilizungusha duara kuume, magurudumu ya mbele hugeuka kuume. Hakuna aliyempa kitabu. Ameona gari la kweli likipita, akaenda nyumbani, akajaribu, likakataa, akajaribu tena. Mwenzake naye, akiona gari lake larukaruka mno, hukata ukanda mgumu uliofungia mzigo dukani, akaukunja kuwa springi.

Tena kazi ya kufanya vitu vikubwa kuwa vidogo si ngeni katika nchi hii. Wanyambo husimulia ya kuwa Mfalme Ndagara wa Karagwe alikuwa mhunzi, na vitu vya chuma vya ajabu vya Bweranyange, wakiwamo ng'ombe wadogo wenye pembe ndefu, vyahesabiwa kuwa kazi yake. Mwaka 1876 msafiri Stanley alifika kwa Rumanyika, mwana wa Ndagara, akaonyeshwa nyumba ya hazina. Humo aliona bata wa shaba wenye mbawa za shaba nyekundu, na sanamu za ng'ombe za shaba pia. Katika nchi ambayo ng'ombe alikuwa mali na heshima, fundi alitengeneza ng'ombe. Leo mtoto aona lori la kahawa kuwa ndilo kubwa lipitalo kijijini, naye atengeneza lori. Hatusemi ya kuwa mtoto wa leo amefundishwa na wahunzi wale; twasema tu ya kuwa jicho ni lile lile.

Nchi za mbali nako wapo wapendao kazi hii, na huko imekuwa biashara kubwa. Katika Uingereza mwaka 1949 kiwanda cha Airfix kilitengeneza trekta dogo la plastiki, mfano wa trekta la Ferguson, ili wauzaji wapate kuwaonyesha wateja. Baadaye likauzwa vipande vipande, mnunuzi aliunge mwenyewe. Katika Marekani kampuni iitwayo AMT ilitoa mwaka 1958 masanduku ambayo gari moja laweza kujengwa kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, au la mashindano, au lililobadilishwa sura kwa matakwa ya mjenzi. Watoto wa wakati ule walishika gundi na rangi, wakashusha bodi, wakabadilisha magurudumu, wakapaka rangi zisizojulikana kiwandani. Sasa ni wazee wenye mvi, na wengine wao huyatafuta masanduku yale ya zamani na kuyanunua kwa fedha nyingi, wapate kujenga tena gari la utoto wao.

Iko tofauti moja yenye mafundisho. Plastiki ya masanduku yale huitwa polistirini, na gundi yake huiyeyusha kidogo, hata vipande viwili vikawa kimoja. Plastiki ya madumu yetu ni ya jamaa nyingine, iitwayo polithini, nayo haikubali gundi. Ukiipaka leo, kesho yabanduka. Kwa hiyo mtoto wa Kihanga au wa Kaisho hana budi kutoboa matundu na kushona bodi yake kwa waya, kama mtu ashonavyo kiatu. Amekatazwa njia nyepesi na maumbile ya kitu chenyewe, akavumbua nyingine.

Kopo nalo lina habari yake. Makopo mengi ya vyakula ni chuma chembamba kilichopakwa bati ili kisishikwe na kutu. Na madini ya bati huchimbwa papo hapo Kyerwa. Mtoto akikwaruza kopo lake mno kwa jiwe, rangi nyeupe ile yatoka na kutu yaanza. Baba akimweleza sababu yake, amempa somo la madini ambalo hatalisahau, kwa maana limeandikwa juu ya gari lake mwenyewe.

Wazazi wapendao kusaidia zaidi, twawapa hesabu moja. Wale wajenzi wa Marekani walizoea kipimo cha moja kwa 25, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 25. Kwa kipimo hicho sentimita 4 za gari dogo ni mita 1 ya gari kubwa. Basi lori la urefu wa mita 7 na nusu litakuwa na sentimita 30. Upana wa mita 2 na nusu utakuwa sentimita 10. Gurudumu la mita 1 litakuwa sentimita 4, na dereva wa kimo cha kawaida atakuwa na sentimita 7. Kizibo cha chupa ya soda chapata sentimita 3 na kidogo. Kwa hiyo hakitoshi gurudumu la lori, lakini chafaa sana kwa Land Cruiser. Mpeni mtoto rula na kipande cha karatasi, achore kwanza, kisha akate. Mtoto aliyekuwa akikimbia hesabu za kugawanya atazitafuta mwenyewe, kwa sababu gari lake lazihitaji.

Na magurudumu ya mti yana siri yake. Ukikata kipande cha mviringo katika tawi bichi na kukianika juani, kitapasuka, kwa maana mti haupungui sawasawa pande zote unapokauka. Na kikaushwe polepole kivulini, au mtoto aendelee kutumia nyayo za kandambili.

Sasa twaja kwenye malalamiko ya wazazi, maana yapo, nayo si ya bure.

Lalamiko la kwanza ni kupoteza wakati. Mbuzi hawakufungwa, maji hayakutekwa, daftari halikufunguliwa. Hilo ni kweli, nasi hatumtetei mtoto mvivu. Walakini dawa yake ni saa, si kiatu cha baba juu ya gari. Mwambieni: kazi ya nyumbani kwanza, na masomo, kisha gari. Mtoto ajuaye ya kuwa saa yake ipo na haitanyang'anywa hufanya kazi upesi kuliko yule ajifichaye nyuma ya choo na waya wake.

Lalamiko la pili ni wizi. Kuna waliokata waya wa kichanja cha kukaushia kahawa, na wengine wakafungua seng'enge ya jirani. Hili ni kosa, na mtoto na alirudishe na kulitengeneza kwa mikono yake. Lakini angalieni vema: aliiba kwa kuwa hana pa kupata. Wekeni sanduku au kikapu nyuma ya nyumba, mtie humo makopo yaliyooshwa, vipande vya waya, spoku za baiskeli iliyokufa, vizibo na kandambili mbovu. Mwambieni: hivi ni vyako, na kilicho nje ya kikapu ni cha mwenyewe. Hapo mtajua kama mna mwizi au mna fundi.

Lalamiko la tatu husemwa kwa sauti ndogo, nalo ndilo lituumizalo zaidi: ya kuwa gari la waya ni alama ya umaskini, na mtoto wa mtu mwenye heshima anunuliwe la dukani. Ndugu zetu, gari la dukani si baya. Ila likivunjika gurudumu siku ya pili, mtoto hukaa akalia, kwa kuwa hajui limeungwaje. La waya likivunjika, hulitengeneza kabla ya chakula cha jioni. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aliyezoea kuvukuta akiwa mtoto, hata akienda chuo cha ufundi hatakuwa mgeni wa nyundo na koleo. Wala msiwasahau binti zenu. Twaona wavulana huachiwa waya na wasichana huitwa jikoni, kana kwamba mikono isukayo mikeka na vikapu kwa hesabu nyembamba namna ile haiwezi kupinda ekseli.

Pamoja na hayo tusifiche hatari, maana kusifu bila kuonya ni nusu ya kazi. Kwanza, chombo kilichokuwa na dawa ya kunyunyizia mimea au dawa ya kuogeshea ng'ombe kisiwe gari kamwe, hata kikioshwa mara kumi. Sumu yaweza kubaki ndani yake. Pili, betri kuukuu zisipasuliwe. Tatu, kutoboa dumu kwa msumari wa moto ni kazi ya mkubwa, nayo ifanyike mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Nne, ncha za kopo zikunjwe kwa ndani. Na mtoto akikatwa na chuma chenye kutu, kidonda kioshwe mara moja kwa maji na sabuni, naye apelekwe zahanati kwa ajili ya pepopunda.

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote, ni barabara. Nchi yetu ni ya vilima, na gari la mtoto lapenda mteremko. Tangu lami ilipofika Bugene kutoka Kyaka magari yamekuwa mepesi, na pikipiki hutokea kwenye kona bila kusikiwa. Mtoto akimbizaye gari lake hatazami kitu kingine. Basi wazazi wa jirani wakubaliane mahali pa mchezo, uwanjani au katika njia ya shamba, na barabara kuu iwe marufuku. Afadhali gari lipotee kuliko mwenye gari.

Mwisho twataka kuwaomba jambo moja. Masanduku ya Marekani ya mwaka 1958 yangali yakionekana leo, kwa sababu kuna watu walioyatunza. Magari ya watoto wetu karibu yote yameishia shimo la taka. Mtu akitaka kujua mtoto wa Karagwe alitengenezaje Bedford au Land Rover miaka ya 1960, ataliona wapi? Mzee aliyelitengeneza yupo, lakini gari halipo. Kwa hiyo kila nyumba na iweke gari moja. Chini yake liandikwe jina la mtoto, umri wake, kijiji na mwaka, kisha litundikwe mahali pasipo mvua. Na walimu wenye kabati shuleni wafanye vivyo hivyo. Naye mzee aliye bado na nguvu za mikono, akae jioni moja na wajukuu awatengenezee lile la zamani, waone jinsi tairi lilivyokatwa kabla ya kandambili kuwa nyingi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika juu ya kutunza maji ya mvua kutoka katika mapaa ya nyumba. Kwa sasa, baba uliye karibu na kulikanyaga gari lililokaa njiani mwako, inama kwanza ulitazame chini, uone ekseli yake ilivyofungwa. Kisha umwite mtoto akueleze.