FUNDI WA NYUMBANI: Droo ya Jenereta Isiyotulia Mahali Pake

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea swali lisilo la kawaida katika ukurasa huu. Kijana wake anayeishi Marekani amenunua gari-nyumba kuukuu, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Kila apigapo breki kwa nguvu, droo iliyobeba jenereta huchomoza mbele kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Mama anauliza kama yafaa kijana aifunge kwa kamba mpaka apate fedha za kumlipa fundi. Kamba haifai, na sababu zake huenda zikawafaa pia madereva wa kliniki zinazotembea, maana baadhi ya magari yao hubeba jenereta kwa namna hiyo hiyo.

Magari-nyumba makubwa ya dizeli ya Marekani aghalabu huwa na injini nyuma. Kwa hiyo jenereta huwekwa mbele, chini ya miguu ya dereva, juu ya sinia la chuma linalopita katika reli mbili, ili fundi aivute nje anapobadili oili au chujio. Jenereta ya dizeli ya kilowati 8 au 10 huwa na uzito unaozidi kilo 300. Gari likifunga breki ya ghafla, mzigo huo huweza kuisukuma droo kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 180. Hata pasipo breki ya ghafla hakuna salama. Magharibi ya mji wa Denver, barabara kuu namba 70 hushuka kutoka handaki la Eisenhower kwa mteremko ufikao asilimia 7. Katika mteremko kama huo droo husukumwa kwa nguvu ya kilo 21 hivi mfululizo, ingawa gari linakwenda kwa mwendo ule ule. Kamba ya nailoni iliyofungwa karibu na bomba la moshi itayeyuka kabla haijakatika.

Bomba hilo la moshi ndilo linalotutia hofu zaidi. Droo inapotangatanga, bomba huweza kuachana na kiungo chake au kupasuka, na moshi ukatafuta njia ya kupenya sakafuni hadi kwenye vitanda. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aliyekwisha kulala hatazitambua. Basi mpaka kazi iishe, jenereta isiwashwe hata kidogo watu wakiwa ndani, na king'ora cha gesi hiyo kijaribiwe. Mpira wa mafuta na waya wa betri navyo vitazamwe, kwani huchunika kila droo isogeapo.

Kabla ya kugusa chochote, gari lisimamishwe mahali tambarare na magurudumu yawekewe kabari. Jenereta izimwe, ipoe. Jenereta nyingine hujiwasha zenyewe betri inapopungua nguvu. Swichi ya kazi hiyo izimwe kwanza, na droo ikishatolewa, waya wa hasi wa betri ya jenereta ufunguliwe. Asisimame mtu mbele ya droo, wala mtoto asichezee karibu.

Ikiwa droo husukumwa kwa mkono na kushikwa na komeo, ugonjwa ni mwepesi kuuona. Komeo limelika, tundu lake limepanuka likawa kama yai, springi imelegea, au uchafu umejaa hata komeo lisiingie lote. Sehemu iliyolika ibadilishwe. Kuiongezea chuma kwa kuchomelea karibu na tangi na nyaya ni kutafuta balaa nyingine.

Ikiwa droo huendeshwa kwa mota ya umeme, tunashauri ichukuliwe chupa ya rangi ya kucha. Chaki hufutika kwa mvua, ila rangi ya kucha hudumu. Pigwe mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye droo hadi kwenye reli, na wa pili unaovuka kutoka kwenye mhimili unaozungusha gia hadi kwenye kasha lake. Kisha gari liendeshwe polepole katika uwanja mtupu, jenereta ikiwa imezimwa, na breki ipigwe mara tatu nne.

Sasa alama zisomwe. Droo ikiwa imesogea na mhimili haukuzunguka, kosa liko kati ya viwili hivyo: pini ya gia imekatika, meno yamelika, au bolti zinazoshika reli ya meno zimelegea. Mhimili nao ukiwa umezunguka, kosa liko nyuma yake: breki ya mota haishiki, au gia za ndani zimechoka. Kwa uchunguzi huo mdogo kijana atajua anunue pini au mota, na tofauti ya bei ya vitu hivyo si ndogo.

Lakini asikimbilie dukani kabla ya kupima betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi. Ikiwa dhaifu, au waya wa hasi umeshika kutu, mota husimama kabla droo haijafika mwisho. Kwa macho droo huonekana imefungwa, kumbe komeo halijaingia.

Droo za haidroliki zina desturi yake. Hizo hazirukii mbele kwa kishindo. Hutambaa usiku kucha. Mafuta yakidondoka nje, mpira au kiungo kinavuja. Pasipo tone, yaelekea sili za ndani ya pistoni zimekwisha au vali ina takataka, na hapo fundi mwenye vifaa hana mbadala.

Reli zisafishwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kamwe si petroli, kisha zikaushwe. Grisi isirundikwe, kwani hushika vumbi na kugeuka msasa.

Kama hapana budi gari lisafiri hadi kwa fundi, itumike mikanda ya kufungia mizigo ya malori, yenye kifaa cha kukazia, ifungwe kwenye fremu ya chuma ya droo na ya gari. Isipitishwe juu ya jenereta yenyewe, wala karibu na mpira wa mafuta au bomba la moshi. Baada ya matengenezo alama za rangi ya kucha zipigwe upya, zitazamwe baada ya kilomita chache na tena baada ya safari ndefu ya kwanza, na bolti zote zikazwe siku hiyo hiyo.