Tulikemea Pepo, Kumbe Ni Njaa na Usingizi



Leo naongea na vijana, lakini wazazi msiondoke. Wachungaji wenzangu, nanyi pia mkae. Nitaanza kwa kujikosoa mwenyewe.

Katika kesha letu moja, mwendo wa saa nane usiku, kijana wetu anayepiga ngoma alianguka mbele ya madhabahu. Mikono ilikuwa inatetemeka, jasho linamtiririka, moyo unapiga hadi fulana inaruka kifuani. Tukamzunguka. Mimi mchungaji wenu nikamwekea mkono nikaanza kukemea pepo, na kanisa likanifuata kwa sauti kuu. Karibu robo saa tulikemea. Ni mama mmoja wa kanisa aliyenivuta koti akauliza, "Pasta, huyu mtoto amekula?"

Hakuwa amekula. Tulipomfikisha hospitalini ikajulikana kwamba chakula chake cha mwisho kilikuwa chai na mandazi asubuhi. Tangu jioni alikuwa amekunywa chupa tatu za enaji. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelala saa tatu tu, kwa sababu anaendesha boda boda. Na katika zile chupa tatu, mbili nilizinunua mimi. Ndiyo, mimi. Tulikuwa tunanunulia kikundi cha sifa katoni nzima ili kesha lisipoe.

Yuko mzima leo, utukufu kwa Mungu, na amenipa ruhusa niseme haya.

Tangu siku hiyo macho yangu yalifunguka. Pita kando ya reli pale Kibera asubuhi, pita Makina, pita Olympic, halafu uende mpaka Kawangware 46 ukaangalie mitaro. Chupa tupu za enaji ni nyingi. Wanaozinywa ni akina nani? Ni yule wa mjengo anayetoka Kawangware kwa miguu kwenda kubeba mawe Kileleshwa. Ni yule anayetembea kutoka Kibera mpaka Industrial Area kutafuta kibarua. Ni mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma usiku kwa sababu mchana nyumba ya chumba kimoja ina watu saba. Na ndiyo, wako pia wanaokesha na mpira na kubeti, na wanaoichanganya na pombe kali.

Kijana, sikusemi kwa hasira. Nataka tu ujue unachonunua.

Kinywaji hiki kilianzia mbali. Kule Thailand kilipendwa na madereva wa malori na vibarua wa zamu ndefu. Raia mmoja wa Austria akakipeleka kwao, na mwaka 1987 Red Bull ikaanza kuuzwa huko. Matangazo yakakifanya kinywaji cha magari ya mbio na michezo. Lakini mtaani kwetu bado ni kile kile cha mwanzo: kinywaji cha mtu aliyechoka ambaye hana ruhusa ya kupumzika.

Chupa ya nusu lita, kwa aina nyingi, ina kafeini kama miligramu 150, na sukari inaweza kufika gramu 50, kama vijiko kumi na viwili vya chai. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na mtoto asipite miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 50 akimaliza chupa moja hiyo, amefika mpaka wake.

Na kafeini haikupi nguvu. Inaziba tu sikio la ubongo lisisikie mwili ukisema umechoka. Uchovu bado uko pale pale, unangoja. Vijana wa boda mtanielewa: enaji ni Fuliza ya mwili. Unakopa leo, na kesho kabla hujashika chochote deni limeshakatwa. Unakopa tena kulipa la jana.

Ukiichanganya na pombe ni hatari zaidi, kwa sababu unajiona hujalewa na kumbe umelewa, halafu unawasha pikipiki na abiria nyuma.

Najua mtaniambia, "Pasta, hii si pombe, inauzwa dukani." Ni kweli. Sheria yetu ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho, inakataza kumuuzia mtoto pombe, na hii si pombe. Lakini Lithuania ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 tangu 2014, na Poland ikafuata mwanzoni mwa 2024. Hawakuwa wanafanya maombi ya kufunga. Waliangalia watoto wao tu.

Sasa tufungue Biblia. Matendo 20: Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, na kijana Eutiko anasinzia dirishani, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Nimewahi kuhubiri andiko hili nikimlaumu Eutiko kwamba alikuwa baridi kiroho. Naomba msamaha. Biblia haisemi Paulo alimkaripia. Paulo alishuka, akamkumbatia, na kijana akaishi. Mhubiri ndiye aliyeshuka.

Nenda tena 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa. Malaika anakuja, na hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. Baada ya hapo ndipo safari ya siku arobaini inaanza. Kama Mungu aliona nabii wake anahitaji chakula na usingizi, sisi ni nani tuwape vijana chupa?

Kwa hiyo tumebadilisha mambo kanisani. Kesha la mwisho wa mwezi sasa linaisha saa sita usiku, na hakuna tena katoni ya enaji. Akina mama wanapika uji na viazi vitamu saa moja jioni, na hakuna anayepanda kupiga chombo kabla hajala. Anayetoka kazi ya usiku akilala kwenye benchi, mashemasi wasimguse. Nimewaambia wamfunike.

Najua pia kuna atakayesema, "Wewe unalala, sisi tuna kodi ya nyumba." Ndugu yangu, sina jibu la kodi kwa maneno matamu. Ila pesa ya chupa moja inaweza kukununulia chapati na madondo. Ukichoka, anza na hiyo, kisha maji. Moyo ukienda mbio au kifua kikibana, usingoje maombi ya Jumapili, nenda hospitali, nasi tutaombea njiani.

Mzazi, ukiona mtoto ana chupa mbili kwa siku, usianze na kelele. Uliza analala saa ngapi. Na wewe mwenye fundi na vibarua, mpe mtu saa yake ya chakula. Ukimnunulia enaji ili amalize slabu leo, usijiite mkarimu. Nami nilijiita hivyo.

Tuombe. Baba, utusamehe tulipowakemea watoto wako badala ya kuwalisha. Uwape wanaofanya kazi kwa jasho usingizi mtamu, na utufundishe kuuheshimu mwili ulioufanya hekalu lako. Katika jina la Yesu. Amina.

Mtumie kijana mmoja ujumbe huu leo. Lakini kabla hujautuma, muulize kama amekula.

Mchungaji wenu.