Taka za kazini zina mwenyewe

Mnyauko wa migomba ulipobainika Muleba mwaka 2006, wakulima wa Kagera walilazimika kujifunza upya kushika panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa haligusi mzima mpaka lipite kwenye moto au kwenye jiki. Ua dume halikatwi tena kwa chuma. Huvunjwa kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokeza. Mgomba ulioshikwa hauburutwi shamba zima ukidondosha ute wake wa njano. Huondolewa mapema, na mabaki yake hayatupwi kwa jirani wala njiani.

Somo hilo halikuingia kwa siku moja, na vibanja vingi vilikwisha kabla halijaingia. Lakini lilipoingia lilikaa, na sababu iko wazi: kibanjani anayeamua, anayechafua na anayeumia ni mtu yule yule. Akizembea na panga lake Jumatatu, ndizi anazozikosa ni zake na za wanawe.

Kazini watu hao ni watatu. Anayeamua ana saini na stoo. Anayezalisha taka ana meza na majukumu mengine. Anayeumia ni mama wa usafi, ambaye hata kikaoni haitwi. Ndiyo maana tunasema taka za ofisi, hoteli, shule na zahanati zetu za Bukoba na Muleba ni suala la uongozi kabla hazijawa suala la fagio.

Itazame sefti boksi, kile kisanduku cha karatasi ngumu cha kutupia sindano zilizotumika. Ina mstari kwenye robo tatu ya kimo chake. Sindano zikifika hapo kisanduku kinafungwa na kupelekwa kuchomwa. Kanuni ni hiyo tu, hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Sasa ukiikuta imejaa mpaka mdomoni, ncha mbili tatu zinachungulia nje, usikimbilie kumgombeza muuguzi. Uliza mpya ziko wapi. Mara nyingi utaambiwa zimekwisha, ombi limeandikwa, linasubiri mtu arudi safari. Huku chini muuguzi anasukuma sindano kwa kipande cha boksi ili zishuke kidogo, na jioni mfagiaji anakibeba kisanduku kwa kukikumbatia kifuani, mikononi ana glovu zile nyembamba za kupimia wagonjwa. Kama anazo.

Mkoa huu hauna haja ya kuhadithiwa gharama ya uzembe wa namna hiyo. Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa Wilaya ya Bukoba, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Mpaka ugonjwa unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu tisa walikuwa wameugua na sita kati yao wamekufa, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ukazuka tena, safari hii Biharamulo. Waliohesabiwa kuugua walikuwa kumi. Hakupona hata mmoja. Siku kama zile ndoo za kunawia hutokea kila mlango na glovu hupatikana. Tunachouliza ni kwa nini vitu vilivyopatikana kwa wiki moja ya hofu vinashindikana kwa mwaka mzima wa amani.

Si kwamba hatuna mwongozo. Tangu mwaka 2007, kuanzia hospitali ya rufaa ya Mbeya, hospitali za nchi hii zimefundishwa utaratibu wa Kijapani wa kupanga kazi, ule wa S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Bango lake lipo kwenye kuta nyingi. Tatizo liko kwenye ile S ya tano. Nne za kwanza mfanyakazi anaweza kuzifanya siku ya ukaguzi kwa jasho lake mwenyewe, lakini kushikilia kunataka bajeti, ratiba na mtu wa kuulizwa, na vitu hivyo haviko mikononi mwa mfagiaji.

Kwenye hoteli, mabweni na migahawa hali inachekesha kidogo, kwa sababu hapa kwetu tunatupa tulichokuwa tunakitafuta. Kibanja cha Mhaya kiliishi karne nyingi kwa taka. Samadi, maganda, majivu, majani ya rweya, ile mbuga ya nyasi, yaliyotandikwa sakafuni yakachakaa, vyote vilirudi chini ya mgomba. Leo ng'ombe wamepungua, samadi haishikiki kwa bei, na mgahawa mmoja wa ndizi unatoa magunia ya maganda kila wiki. Mkulima wa Katoma au Kemondo angeyachukua kwa furaha. Hayachukui, kwa kuwa ndani yake mna vifuko vya nailoni, vizibo, glasi iliyovunjika na betri ya rimoti. Nani autilie mgomba vipande vya chupa? Mapipa mawili jikoni, moja la maganda na moja la vingine, yangeumaliza mjadala huu kwa gharama ndogo kuliko kreti chache za soda.

Kuacha mchanganyiko huo uoze nyuma ya jengo ni ghali kuliko inavyoonekana. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na mji umekaa kwenye mteremko. Maji ya jalala hayatulii. Yanashuka Kanoni, Kanoni inashuka ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya kunywa.

Wapo watakaosema fedha hakuna. Tuwakumbushe sangara. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ililifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya bakteria na kipindupindu, kisha kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Fedha za maabara, vigae, barafu, buti nyeupe na maji safi zilionekana. Hasara ilikuwa imepanda ngazi mpaka ofisi ya mwenye kiwanda. Na mabondo, yale mapulizo ya sangara yaliyokuwa yakitupwa pamoja na matumbo, leo kilo yake inaipita minofu mara nyingi kwa bei.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mkuu akishika fagio dakika kumi mbele ya kamera hatumcheki. Tungependa tu siku zilizobaki ashike kalamu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humbana mwajiri kulinda anayefanya kazi kwake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa halmashauri mzigo wa taka ngumu. Halmashauri zetu tatu, Manispaa ya Bukoba, Bukoba Vijijini na Muleba, zianze na majengo yao zenyewe kabla ya kumtoza faini mama ntilie. Bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai iwe na kifungu cha taka kinachosomeka peke yake, kisifichwe kwenye "mengineyo". Zabuni ya usafi isiende kwa mwenye bei ya chini mpaka aonyeshe bei hiyo ina buti, glovu nzito na chanjo ya homa ya ini aina B kwa watu wake. Mtindo wa kusema "huyo si mtumishi wetu, ni wa mkandarasi" umwishie aliyeusaini mkataba.

Na kwenye kila kituo cha afya liandikwe jina la anayetakiwa kutoa sefti boksi mpya, libandikwe ukutani pale pale kisanduku kinapokaa, pamoja na namba yake ya simu. Akisafiri, aache ufunguo wa stoo.