Shwari ya jioni isiwadanganye wavuvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niwakumbushe ndugu zangu wa Ziwa Victoria, hasa wale wanaovua sato kwa ndoano, kila mtu peke yake katika mtumbwi mdogo.

Sipingi uvuvi huo. Jioni ya kiangazi, ziwa likiwa shwari, mtu hutoka shambani, akachukua mshipi na minyoo yake, akapiga kafi kidogo na kurudi na kitoweo. Ni kazi halali, na huwalisha watoto tunaowafundisha. Ninachopinga ni imani ya wengi kwamba ziwa likitulia jua linapotua, litabaki limetulia usiku kucha.

Imani hiyo si kweli, na sababu yake tunaifundisha darasani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo nao hugeuka ukavuma kuelekea ziwani. Shwari ya jioni ni mapumziko tu baina ya upepo mmoja na mwingine.

Fikirini basi, ndugu wavuvi. Aliyetoka kwa raha saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku hurudi akipambana na upepo wa mbele, mikono imechoka na giza limeingia. Tena ziwa hili lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na upepo wa usiku huliingia kutoka pande zote. Unapokutana katikati, hewa hupanda na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana majira ya mvua dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri.

Meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka mwaka 2018, taifa zima liliomboleza. Mtumbwi wa mtu mmoja ukipinduka, bendera haishushwi. Sisi walimu wa vijiji vya ufukoni hupata habari hizo katika daftari la mahudhurio: mtoto haji shule kwa kuwa baba hakurudi.

Wapo wanaosema jaketi la kujiokolea ni la waoga, tena ni ghali. Je, mtumbwi nao ulipatikana bure? Kama mtumbwi una thamani, mwenye mtumbwi je?

Kwa maoni yangu, viongozi wa kila mwalo waweke daftari la wanaotoka jioni na saa wanayotarajia kurudi, ili asiyerudi atafutwe usiku ule ule. Mvuvi avae jaketi tangu ufukoni, asilikalie kama mto. Achukue tochi na kopo la kuchotea maji yanayoingia mtumbwini. Nasi walimu tusiishie kuchora mishale ubaoni. Tuwaagize wanafunzi waangalie kwao jioni jinsi upepo unavyogeuka, kisha wawaeleze wazazi wao.

Kitoweo cha usiku mmoja hakilingani na uhai wa mzazi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ukerewe.