Michirizi ya kahawia: Inzi huibeba hatua chache, pingili huivusha wilaya

MCHUUZI wa mihogo anayeijua kazi yake, awe Newala au Masasi, hanunui kwa kutazama gunia. Huomba kisu, hukata muhogo mmoja katikati na kuangalia ndani. Akikuta weupe mtupu, mazungumzo ya bei yanaanza. Akikuta madoa ya kahawia, makavu na magumu, bei inaporomoka au anaondoka zake. Mwenye shamba hubaki ameduwaa, kwa kuwa miche yake ilikuwa ya kijani hadi siku ya kung'oa.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Batobato hujitangaza mapema kwa majani kujikunja, lakini michirizi huanzia majani ya chini, ambayo hugeuka manjano kandokando ya mishipa yake. Majani hayo ndiyo yanayopukutika kwanza, na kiangazi kila muhogo hupukutisha majani. Dalili inaanguka chini pamoja nayo, huku mizizi ikiendelea kuharibika ardhini.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Mwanasayansi H. H. Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa ukanda wa pwani na nyanda za chini, hadi ulipoonekana Uganda mwaka 2004 na baadaye kuzunguka Ziwa Victoria. Matokeo ya utafiti uliofanywa nchini na kuchapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa kwa aina zisizostahimili, hasara ya mavuno inaweza kufikia asilimia 70.

Hata hivyo, kwa kaya ya uwanda wa Makonde, asilimia hiyo haielezi hasara yote. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, na wakati mwingine huchelewa. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo na baadhi ya wakulima wakasubiri malipo kwa miezi, mwenye muhogo shambani alikuwa na pa kushika. Muhogo ni ghala lisilohitaji paa: unang'oa kiasi unachohitaji, mwingine unausubirisha. Michirizi inavunja ghala hilo, kwa sababu kadiri muhogo unavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi.

Wakulima wengi wamejifunza kukwepa kwa kung'oa mapema. Ni busara, lakini ina bei yake. Muhogo wa miezi tisa haujafikisha uzito wake, na ukishang'olewa wote lazima uuzwe haraka au ugeuzwe makopa, ambayo nayo hushambuliwa na dumuzi. Wote wakikausha kwa wakati mmoja, anayepanga bei ni mnunuzi.

Anayesambaza virusi vya ugonjwa huu shambani ni inzi weupe, wale wadogo wanaoruka kwa wingi ukitikisa mche. Jambo hilo lilithibitishwa kwa majaribio mwaka 2005. Majaribio mengine, yaliyochapishwa mwaka 2017 na kufanyika kwa sehemu hapa Tanzania, yanastahili kujulikana na kila mkulima. Inzi huchukua virusi kwa kufyonza dakika tano hadi kumi tu, lakini hakai navyo zaidi ya siku mbili. Shambani, ugonjwa haukuenea zaidi ya mita 17 kutoka kwenye miche iliyougua kwa msimu mzima. Kuchuma kisamvu hakukuambukiza, wala kukata pingili kwa panga lililotumika kwenye mche mgonjwa.

Sasa, kama inzi hafiki mbali, nani anauvusha ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji? Ni mtu mwenye mzigo wa pingili kwenye baiskeli. Pingili huombwa kwa jirani au kwa shemeji, bure, na desturi hiyo ni nzuri isipokuwa kwa ugonjwa huu. Kupulizia dawa ya inzi shamba lililopandwa pingili zenye virusi ni kutupa fedha.

Aina nayo ina uzito wake. Albert, inayofahamika kusini, huathirika vibaya. Namikonga, ambayo wakulima wa kusini wameitunza wenyewe, ina ukinzani mkubwa, na watafiti wameichanganya na Albert na kupima watoto wake Naliendele na Chambezi ili kujua ukinzani huo unakaa wapi. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa Namikonga ndiyo Kaleso ya pwani ya Kenya, na kwamba damu yake inatoka Amani, ambako muhogo ulichanganywa na ule mti wa mpira unaotoa kisamvu cha mpira. Kiroba ni stahimilivu, lakini kustahimili si kutougua. Mizizi yake inaweza kuwa safi wakati majani yana virusi, hivyo Kiroba ya jirani inaweza kuimaliza Albert yako.

Kwa hiyo kisu cha mchuuzi kinafaa kutangulia kabla ya kupanda: kagua majani ya chini shamba likiwa bado bichi, weka alama miche safi, kisha siku ya kung'oa kata mizizi yake kabla ya kuchukua shina. Heka moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja inahitaji pingili kama 4,000. Mche mmoja hutoa takriban kumi. Maana yake miche 400, kieneo cha mita 20 kwa 20, inatosha kuzalisha mbegu ya heka nzima mwaka unaofuata. Mwenye fedha ya korosho mkononi anaweza kununua pingili za kuanzia tu kutoka kwa mzalishaji anayekaguliwa na TOSCI. Kazi ngumu ni kupata mahali pa kuzipanda ambapo hakuna muhogo wa mtu mwingine ndani ya hatua ishirini, na hapo itabidi kuongea na jirani kabla ya mvua.