ATI KAMERA NDIYO ILIYOPIGA?

Mwaka huu nilibandika picha ya mwewe angani kwenye ubao wa chama chetu. Jicho lake laonekana, hata kucha. Hazikupita siku mbili maneno yakaanza. "Wewe hukufanya kitu," wenzangu wakanicheka, "siku hizi kamera humfuata ndege yenyewe!" Picha za maonyesho zilipochaguliwa, yangu ikaachwa nje kwa sababu hiyo hiyo. Basi leo naomba nafasi nijitetee.

Kwanza, mgala muue na haki umpe. Kamera ya mjomba, aliyoniazima Jumamosi mbili, si mchezo. Ukibonyeza kitufe nusu na kukishikilia, lenzi haitulii. Inaendelea kujirekebisha kadiri ndege anavyosogea, tena inakisia atakuwa wapi picha itakapopigwa. Zamani mpigapicha aliizungusha lenzi kwa mkono, na ndege akishapita yeye bado anazungusha. Kamera ya Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoifanya kazi hiyo ya kujilenga ienee, na tangu 2020 zipo kamera kama Canon EOS R5 zinazolitafuta jicho la ndege zenyewe. Ya mjomba ni kuukuu kidogo, haijui jicho wala mkia. Hufuata tu kile nilichokiweka katikati.

Na hapo ndipo penye kazi. Jumamosi ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia moja. Mwewe akipita mbele ya mwembe, kamera ilimwacha ikashika matawi. Nikapata matawi safi kabisa, na ndege kama moshi. Kama kamera ndiyo inayopiga, mbona siku hiyo haikupiga?

Jumamosi ya pili nikakumbuka shamba. Kwa nyanya yangu, kule Mbeere, sisi watoto huamia ndege mtama unapokomaa. Kwelea wakija ni wingu zima, na ukiwarushia donge la udongo kwa kombeo pale walipo, umeshachelewa. Nyanya hutuambia turushe pale wanapoelekea. Sasa hiyo si ndiyo kazi ya kamera ya mjomba? Tena kwelea au mwewe, ndege akiruka au akitua hupenda kuukabili upepo. Basi nikasimama upepo ukinipiga mgongoni ili mwewe aje akinielekea. Nikachagua upande usio na miti, nyuma yake mbingu tupu. Nikaanza kumfuata angali mbali, nikigeuka kwa kiuno wala si kwa mikono. Zikatoka picha tatu. Tatu tu, jamani, asubuhi nzima!

Hapa hapa Embu, miaka ya karibu na 1950, alikuwako afisa wa kilimo aitwaye Leslie Brown, aliyezoea kwenda kilimani kuwatazama tai. Mwaka 1955 akatoa kitabu juu yao. Kamera za namna hii hazikuwapo, lakini tai aliwajua. Angepewa hii ya mjomba, nadhani asingehitaji Jumamosi mbili kama mimi.

Kinachoniuma zaidi si picha yangu kuachwa. Sisi wa shule ya kutwa tuna wenzetu wengi walioamia ndege tangu wakiwa wadogo. Tukiwaambia kwamba kamera ndiyo kila kitu, watajiona hawana lao katika chama, wakati macho yao yanawashinda wenye kamera za bei. Mwakani waamuzi na watuulize: ulisimama wapi? Ulingoja saa ngapi? Huyo ndege ulimjuaje? Aliyeachiwa kazi yote na kamera atajulikana papo hapo.

Picha yenyewe sasa iko kwa nyanya. Aliitazama sana, akasema ndiye huyo huyo anayemmalizia vifaranga, kisha akaniuliza kwa nini nilipomwona karibu hivyo sikuchukua kombeo.